Kupiga kalipa rangi ya unga kwenye hotirodi bila kuharibu breki

Hotirodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu, mara nyingi halina madigadi, na hapo ndipo kazi yote hii inapoanzia. Kwenye gari la kawaida kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, imejificha nyuma ya rimu, inakula vumbi lake huko na hakuna anayejali, lakini kwenye Ford ya 1932 iliyovuliwa madigadi tairi la mbele liko nje nje, paipu za breki zinaonekana, na ile kalipa ya chuma iliyopauka kwa kutu inakutazama kama jino bovu kwenye tabasamu la bibi harusi. Jirani yangu hapa Ohio, mzee wa miaka sabini na kitu, ndo mwenye gari lenyewe, jeusi tii na rimu za chuma nyekundu, na mwaka juzi akaniambia tuzipige kalipa zake za mbele rangi ya unga, ule unga mkavu unaopulizwa juu ya chuma halafu unaokwa. Nikamwambia mzee hiyo kazi ndogo, wikendi moja tu. Zikaenda wikendi nne aisee.

Naandika kwa sababu maelezo mengi ya hii kazi yanaongelea rangi, rangi, rangi, utafikiri unapaka geti. Hiki kitu ni breki jamani. Rangi ikibabuka utachekwa, ila pistoni ikiganda au bolti ikilegea kwa ajili ya rangi uliyoipaka mahali isipotakiwa, hapo hakuna wa kucheka. Kwa hiyo humu sehemu ndefu kuliko zote ni ya mahali pa KUTOPAKA.

Kwanza ujue una kalipa gani

Kwa asiyejua, hotirodi ni mambo ya vijana wa California miaka ya 1930 na 1940, walikuwa wananunua Ford za zamani za bei poa, wanang'oa kila kisicho na kazi ili gari liwe jepesi, wanaongeza nguvu ya injini halafu wanaenda kukimbizana kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage. Ford ya 1932 ilitoka kiwandani na breki za dramu zinazovutwa kwa vyuma, hata mafuta ya breki hazina, Ford yenyewe ilihamia breki za mafuta 1939. Kwa hiyo ukiona diski kwenye gari la namna hiyo jua kuna mtu kaiweka baadaye, na huwezi kwenda dukani ukasema nipe sili za kalipa ya Ford ya 1932, watakushangaa.

La mzee limefungwa sespensheni ya mbele ya mtindo wa Mustang II, Ford ya miaka ya 1970 (wale wa jadi wanaotaka ekseli moja ya kulala hununa wakiiona, mzee hajali), diski za inchi 11, na kalipa za GM (General Motors) zile wanazoziita metriki, zilizokuwa kwenye Malibu na Monte Carlo kuanzia 1978. Ni kalipa ya chuma cha kumiminwa, pistoni moja ya inchi 2.5 ambayo ni milimita 63.5, na inaelea, yaani inateleza kwenye pini mbili. Mahotirodi mengi yana hizi kwa sababu ni rahisi na spea zipo kila kona. Kama zako ni za alumini zenye vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti, zile za mashindano, ushauri wangu ni uziache. Kati ya vile vipande kuna vioringi, yaani vipete vya raba, vya kuziba njia ya mafuta, joto la oveni litaviua, na alumini yenyewe iliyoimarishwa kiwandani haipendi kuokwa tena nyuzi 200. Nunua zilizopakwa tayari, utalala vizuri.

Kuivua

Kabla hujafungua paipu ya breki fanya ujanja huu: toa pedi, weka kipande cha mbao mahali pa pedi, halafu mtu akanyage pedeli taratibu hadi pistoni itokeze karibu yote. Ni rahisi kuliko kuja kuhangaika nayo mezani. Hakikisha upande wa pili pedi zake zipo au umebanwa, la sivyo itatoka pistoni ya kule wakati wewe unakodolea macho ya huku. Kama umeshafungua tayari, utatumia upepo wa kompresa kupitia tundu la mafuta, presha ndogo kabisa, mbao mbele ya pistoni, na vidole viwe mbali. Nasema tena VIDOLE. Pistoni ile ikitoka kwa presha inavunja mfupa, sio hadithi.

Lile vumbi jeusi usilipulize kwa upepo hata kidogo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na gari la 1932 lenye vitu vya kuokoteza hujui nani kaweka nini lini. Lowesha, futa na tambara, tupa tambara.

Kisha toa kila kitu ambacho sio chuma cha mwili wa kalipa: pistoni, raba ya vumbi, sili ya mraba iliyo ndani ya tundu (tumia kijiti cha mbao au plastiki, ukiichokonoa kwa bisibisi unakwangua mfereji wake), nipeli ya kutolea upepo (kile kiskrubu cha kutoa hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki), vibushi vya raba, pini. Hizo raba zote ni za kutupa, nunua seti mpya ya raba kabla hujaanza. Sisi tulianza kabla seti haijafika tukakaa siku tisa na gari juu ya stendi.

Hapa elewa kitu kimoja maana kitakusaidia mbele. Kwenye kalipa ya namna hii sili imekaa kwenye mfereji ndani ya tundu, na inabana ubavu wa pistoni. Ukikanyaga breki pistoni inasogea mbele na sili inajipinda nayo, ukiachia pedeli sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, ndo maana pedi zinaachia diski. Hamna springi pale, kazi yote ni ya ile raba. Kwa hiyo cha kwanza kukagua ni ubavu wa pistoni, ukiona vishimo vya kutu nunua mpya bila kubishana nayo. Na mfereji wa sili usiingie hata punje ya unga wa rangi, kwa sababu sili ikikaa juu juu haiwezi kujipinda inavyotakiwa na breki itakuwa inakamata muda wote.

Alama! Piga nukta kwa panchi, kushoto na kulia. Utanishukuru baadaye, nitaeleza kwa nini.

Kusafisha, halafu kuipiga mchanga

Osha grisi yote kwanza kwa maji ya moto na sabuni kali au dawa ya kutoa grisi, sugua na brashi ya waya, suuza, kausha. Watu wengi wanaruka hii wanapeleka kalipa yenye mafuta moja kwa moja kwenye kupiga mchanga (kurushia chuma mchanga kwa upepo wa kompresa), matokeo yake mchanga unayapigilia mafuta ndani ya chuma na mchanga wenyewe unachafuka.

Kuhusu mchanga, usitumie mchanga wa kawaida. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, linaleta silikosisi, na huo ugonjwa hauna dawa. Na kwetu Tanga nimewahi kuona fundi anatumia wa baharini kabisa, ambao juu ya hilo una chumvi, unaipanda chumvi kwenye chuma halafu unafunika na rangi, kutu itaota chini kwa chini kama uyoga. Tumia punje za aluminiamu oksaidi, ukubwa wa 80 hadi 100 hivi, ndani ya sanduku lenye glavu au nje na barakoa ya maana.

Kabla ya kupiga, ziba tundu la mafuta na la nipeli kwa bolti za zamani, ziba tundu la pistoni kwa kizibo cha raba au tambara lililobanwa na tepu nene. Punje moja ikibaki kwenye njia ya mafuta siku moja itafika kwenye sili. Baada ya kupiga, toa vizibo, pitisha upepo kwenye kila tundu kutoka pande zote mbili, halafu pitisha tena, mimi nilipitisha mara nne na mara ya nne bado kulitoka vumbi.

Sasa kuanzia hapo usishike kwa mkono mtupu. Jasho na mafuta ya kidole yanaacha alama ambayo unga utaikimbia, utaona vishimo vya mviringo kwenye rangi. Glavu safi. Futa na asetoni. Na zile dawa za kopo za kusafishia breki angalia maandishi, zipo zenye klorini, mabaki yake yakikutana na joto kali yanatoa hewa ya sumu mbaya sana, hizo zisikaribie oveni. Chuma cha kumiminwa kikishapigwa mchanga kinaanza kushika kutu ndani ya masaa tu, hasa siku yenye unyevu, kwa hiyo usipige Jumamosi ukapanga kupaka Jumapili ijayo.

Kuioka tupu, hatua ambayo niliiruka

Kalipa ya kwanza niliifanya kila kitu kama nilivyoeleza, nikapaka, nikaoka, nikafungua mlango wa oveni nikakuta vipele. Mamia ya vipele vidogo, vingine vimepasuka juu na kuacha kitundu, ngozi ya kijana aliyeanza kubalehe kabisa. Mzee akavaa miwani, akaangalia, akauliza kama hiyo ndo staili ya kwetu.

Sababu ni kwamba chuma cha kumiminwa kina vinyweleo. Miaka arobaini kimekuwa kikinywa mafuta ya breki, grisi na unyevu, nje ukikiona kisafi, ndani bado kimeshiba. Ukikipasha joto vile vitu vinageuka gesi na vinatafuta njia ya kutoka, na wakati huo huo unga wako ndo unayeyuka juu yake, gesi inapenya katikati ya rangi iliyo laini na kuacha vipele.

Dawa yake ni kuioka tupu kwanza, bila rangi, kwa joto lililozidi kidogo lile la kuivisha rangi. Kama unga wako unaiva nyuzi 204, yaani 400 za Farenhaiti wanazoandika Wamarekani, ipeleke kalipa hadi 220 hivi ikae saa nzima baada ya chuma chenyewe kufika joto hilo. Utaona moshi kidogo na pengine madoa ya kahawia yanatokea juu, hayo ndo mafuta yanatoka. Iache ipoe, ipige mchanga kidogo tena au futa na asetoni, kama madoa yalikuwa mengi rudia kuoka. Ile ya pili niliioka mara mbili na ikatoka nyororo kama kioo. Ya kwanza ilibidi nitoe rangi yote kwa mchanga nianze upya, na rangi ya unga iliyoiva haitoki kirahisi, nililaani sana siku hiyo. Zipo pia praima za unga zilizotengenezwa kuvumilia gesi, ni nzuri, lakini ni za kuongezea juu ya kuoka, usioke kidogo kwa kuitegemea praima.

Oveni iwe ya umeme, na ikishaoka kalipa moja isirudi jikoni milele. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kuhusu ile ya kwetu, nikaenda kununua iliyotumika kwa mtu anayehama.

Mahali pa kutopaka

Rangi ya unga ikiiva inakuwa na unene wa maikroni 60 hadi 80 kwa kawaida, kwenye kona inaweza kuzidi hapo. Inasikika kidogo. Lakini pande mbili zinazotazamana ni mara mbili yake, na kuna sehemu kwenye kalipa ambazo nafasi yake ni ndogo hivyo hivyo, kwa hiyo pedi iliyokuwa inateleza inaanza kukwama. Na kuna jambo baya zaidi: rangi ya unga ni plastiki. Ukiibana chini ya kichwa cha bolti, kwa joto na mtikisiko inajisogeza pole pole na kukonda, na ile nguvu uliyokazia bolti inapotea bila wewe kujua. Bolti ya breki!

Kwa hiyo vizibo vya silikoni na tepu ya kijani ya joto kali ndo rafiki zako, na kazi hii ya kuziba ilinichukua muda kuliko kupaka, karibu dakika arobaini kwa kalipa moja. Unaziba tundu la pistoni lote pamoja na mdomo wake ambapo raba ya vumbi inakaa. Unaziba tundu la mafuta na pia ule uso uliolainishwa unaolizunguka, pale ndo washa ya shaba inapokaa, ikikaa juu ya rangi itavuja, kama si leo basi kesho. Tundu la nipeli na nyuzi zake, maana nipeli inaziba kwa ncha yake ya ndani na unga ukifika pale haitafunga sawasawa. Matundu ya pini na vibushi, pande zote mbili. Nyuso ambazo vichwa vya bolti vinakandamiza. Sehemu ambazo kalipa inagusana na breketi na kuteleza juu yake.

Halafu kuna moja ambayo kwenye hizi za GM watu wanaisahau na mimi nikiwemo. Pedi ya nje ina masikio ya bati yanayokunjwa kuibana kwenye mwili wa kalipa. Pale yanapokamata usipake. Mimi nilipaka, pedi ikakataa kukaa, nikataka kuigonga kwa nyundo, mzee akanishika mkono. Tukakwangua rangi pale na faili, dakika tano, lakini ule ukingo wa rangi uliochanika sio mzuri hadi leo ukiinama kuutazama.

Kama hujui sehemu fulani inagusana na nini, ifunge kalipa kavu kavu kwenye gari na pedi mpya kabla ya kupaka, itikise, iangalie, weka alama kwa chaki. Kila inapong'aa kwa kusuguana ni mahali pa tepu. Na chini ya tepu chuma kitabaki tupu, hiyo sawa, utakipaka grisi ya silikoni kidogo wakati wa kufunga.

Kupuliza unga

Wazo la huu unga lilianzia Ujerumani miaka ya 1950, mhandisi Erwin Gemmer alikuwa anatumbukiza chuma cha moto ndani ya unga unaotifuliwa na upepo. Leo tunapuliza: bunduki inaupa unga chaji ya umeme, kalipa imeunganishwa na waya wa ethi, basi unga unavutwa na kuganda kila upande, hata nyuma. Ile bunduki ndogo ya nyumbani inatosha kabisa kwa kalipa.

Kinachoamua ubora ni ethi. Kalipa inaning'inia kwenye ndoano ya waya, na ile ndoano ikiwa na rangi ya kazi iliyopita umeme haupiti, unga unaanguka chini kama wa chapati. Kwangua ndoano hadi chuma kionekane, ifunge waya wa ethi kwenye ndoano hiyo, na itundike kwenye tundu lililozibwa ambalo halionekani. Upepo uwe mkavu, weka chujio la maji kwenye kompresa, presha ndogo sana, psi (pauni kwa inchi ya mraba) 5 hadi 10 kwa bunduki hizi ndogo. Unataka wingu linaloelea, ukiongeza presha unaupiga unga hadi unaruka.

Kwenye mabonde na kona za ndani unga unakataa kuingia kwa sababu umeme unapenda kingo zilizo karibu. Anza na kona hizo kwanza, sogea karibu, punguza chaji kama bunduki yako inaruhusu, malizia na nyuso pana. Ikishindikana kabisa pasha kalipa joto kidogo ndo upulize, unga utanata wenyewe, ila kwa njia hiyo ni rahisi kuzidisha ukapata matone.

Vaa barakoa. Na angalia moto: vumbi la unga huu likiwa hewani linaweza kulipuka. Gereji nyingi za Marekani zina tangi la maji ya moto la gesi lenye kamoto kadogo kanakowaka muda wote pale chini, nilipuliza nusu ya kalipa ya kwanza kabla sijakumbuka hako kamoto. Zima, funga gesi, au fanya kazi mahali pengine.

Ukimaliza kupuliza na kabla ya kuingiza kwenye oveni, chungulia kwa tochi. Penye kivuli cha kijivu unga haujafika. Pembeni mwa tepu pameguswa? Futa kwa brashi ndogo kavu. Ukikosea vibaya, uzuri wa unga ni kwamba unaupuliza wote kwa upepo ukaanza upya, hauna hasara. Ibebe kwa ndoano tu, mara moja tu iguse mlango wa oveni umeharibu.

Kuoka

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Unga ukiwa mkavu unafanana na vumbi la chaki, hauna mng'ao wowote. Baada ya muda kingo nyembamba zinaanza kulowa, halafu unyevu unatembea kuelekea katikati, uso mzima unakuwa na mawimbi kama ganda la chungwa, kisha unatulia na kung'aa, unafanana na sukari inavyoyeyuka kwenye sufuria ya kashata. Mzee alivuta kiti akakaa mbele ya kioo cha oveni.

Lakini kung'aa sio kuiva. Kwenye kopo wanaandika labda dakika 10 kwa nyuzi 204, na hizo dakika zinahesabiwa tangu CHUMA kifike joto hilo. Kalipa ni donge la chuma, oveni inaweza kusoma 204 wakati kalipa bado iko 140, ya kwangu ilichukua zaidi ya nusu saa kufika. Kipima joto cha kuelekeza mwanga kinasaidia, kielekeze sehemu nene kabisa. Rangi isiyoiva inaonekana nzuri tu siku ya kwanza, halafu inakatika vipande ukigongana nayo na spana. Jaribio langu: ikipoa, lowesha pamba kwa kiyeyusho cha MEK, sugua sehemu iliyojificha mara 50 kwenda na kurudi, pamba ikichukua rangi nyingi au uso ukalainika, rudisha ndani. Vaa glavu na fungua milango, hiyo dawa sio ya kunusa.

Tepu itoe wakati bado ni ya moto ili ukingo ukatike safi, na koleo, taratibu.

Aina ya unga, chukua poliesta. Ya epoksi ni ngumu lakini jua linaifanya ipauke kama chokaa, na gari hili liko uchi juani. Mzee alitaka nyekundu ifanane na rimu. Mimi ningeweka kijivu cha chuma, nyekundu kwenye kalipa naionaga kama lipstiki, ila gari lake. Kwa matumizi ya barabarani unga wa kawaida unavumilia. Kama unaenda kwenye mashindano ambako kalipa inapanda sana joto, unga huu utabadilika rangi na kulainika, tafuta mipako ya kauri iliyotengenezwa kwa joto hilo.

Walioko nyumbani Dar au Nairobi wasio na oveni, tafuteni karakana zinazopaka madirisha ya alumini na mageti, nyingi zinatumia unga huu huu. Ila kuziba fanya mwenyewe, usimwachie kijana wa pale, na uwaambie wasiitumbukize kwenye matangi yao ya tindikali, na waache chuma kipate joto la kutosha maana wamezoea bati jembamba linalopata joto haraka.

Kuifunga

Osha tundu la pistoni kwa spiriti, kagua mfereji wa sili kwa tochi na ukucha. Paka sili mpya na pistoni mafuta safi ya breki, yale yale utakayotumia. Usipake oili ya injini wala grisi ya kawaida, raba za breki zinavimba na kuharibika. Ingiza pistoni kwa vidole gumba viwili, inyooke, inatakiwa izame kwa kusukuma kwa mkono. Ikikataa itoe uangalie, kuna kitu, usiibane na klempu ukailazimisha. Pini zipate grisi ya silikoni, washa za shaba ziwe mpya, bolti kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha kalipa yako.

Sasa ile alama ya kushoto na kulia. Kalipa hizi zinafungika upande wowote, na ukizibadilisha nipeli ya upepo inakuwa chini. Hewa inakaa juu, wewe unafungua chini, utatoa upepo hadi Krismasi na pedeli itabaki kama sponji. Tulimaliza chupa nzima ya mafuta tukilaumu silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki, kabla mzee hajainama na kusema, hizo nipeli zinatazama sakafu. Alama zangu za penseli zilipotea kwenye kupiga mchanga, ndo maana nasema panchi.

Jambo jingine la mahotirodi: silinda kuu mara nyingi iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, mafuta yanarudi yenyewe kwa uzito na pedeli inaenda mbali kila mara. Inatakiwa valvu ndogo ya kubakiza presha, psi 2 kwa diski, ya psi 10 ni ya dramu. Ukiweka ya 10 kwenye diski pedi zitakamata muda wote na rangi yako nzuri itaungua ikiwa haijafikisha wiki.

Toa upepo ukianza gurudumu la mbali na silinda kuu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi ya gari haraka, rangi ya unga inavumilia zaidi lakini mwaga maji juu ya tone lolote papo hapo. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni. Kisha mtu akanyage pedeli kwa nguvu dakika nzima huku wewe unachungulia kila muungano na karatasi nyeupe. Zungusha gurudumu kwa mkono, likwame ukikanyaga, liachie ukiachia. Endesha pole pole karibu na nyumba, simama mara kadhaa, gusa hewa karibu na kila rimu, upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake rudi ukakague pini. Baada ya kilomita kama mia kaza bolti tena.

Ya mzee imeshamaliza majira mawili ya joto. Nyekundu imekolea kidogo upande wa diski, na jiwe limedonoa mahali pamoja kwenye ukingo wa kulia, ukubwa wa punje ya mtama. Nikamwambia tutaitoa tuioke upya. Kesho yake nikakuta ameshaziba na rangi ya kucha ya mkewe, na ukisimama hatua mbili huioni.